Simu Yenye Fedha Zako Isiwe Simu ya Majaribio

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya simu janja kupokea toleo jipya la mfumo endeshi, watengenezaji hulitoa toleo hilo likiwa bado halijakamilika ili lijaribiwe. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha simu nzima. Kwa simu nyingi zinazouzwa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda mfumo huo ni Android, na kwa simu za iPhone ni iOS. Toleo la majaribio hutambulika kwenye simu kwa neno "beta". Zamani jambo hili liliwahusu wataalamu. Leo yeyote mwenye simu inayokubali anaweza kulipakua akiwa amekaa barazani kwake. Urahisi huo ndio uliotufanya tuliandikie katika kijitabu hiki.

Majaribio yenyewe ni jambo la lazima. Waundaji wa programu za fedha, za benki na za mawasiliano huhitaji muda wa kuona kama kazi yao itaendelea kufanya kazi mfumo utakapobadilika. Toleo la Android 15, kwa mfano, liliwafikia waundaji hao Februari 2024, likafunguliwa kwa wajaribu wengi zaidi Aprili, na likakamilika Septemba mwaka huohuo. Katika miezi hiyo saba mfumo ulikuwepo, lakini ulifanana na kahawa iliyoanikwa siku mbili: ni kahawa kweli, ila haijawa ya kupelekwa kwenye mizani.

Mtumiaji wa kawaida anayeliweka toleo kama hilo mapema hukutana na mambo mawili. La kwanza ni hitilafu ndogondogo: betri kuisha haraka, kamera kugoma, simu kupoteza mtandao bila sababu. Kwa walio karibu na Murongo, ambako mto Kagera ndio unaotutenganisha na Uganda, simu inayokosea kuchagua mtandao inaweza kushika wa nchi jirani na kumla salio mwenye nayo. Tuongeze pia kwamba matoleo haya hupakuliwa tena na tena kila baada ya wiki chache, na faili la kwanza mara nyingi huzidi GB 1. Hilo ni bando la kutosha kwa siku nyingi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Programu za benki na za fedha, kila zinapofunguliwa, huweza kukagua kama mfumo wa simu unatambulika na haujachezewa. Zikikuta mfumo zisioutambua hukataa kufunguka. Zinafanya hivyo kwa kulinda akiba yako, na hatuwezi kuzilaumu. Lakini kwa mwenye simu matokeo ni mlango uliofungwa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Kyerwa anayeuza kahawa yake kupitia chama cha msingi kilicho chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, na malipo yake huingia kwenye akaunti ya benki. Mwanawe, kwa nia njema kabisa, ameiwekea simu ya baba toleo la majaribio ili "iwe ya kisasa". Wiki ya malipo inafika, ada ya shule inadaiwa, na programu ya benki haifunguki. Fedha zimeingia, ila mzee hazioni.

Hapo ndipo watu wengi hufanya kosa la pili, nalo hugharimu kuliko la kwanza: kukimbilia kurudisha mfumo wa zamani siku hiyohiyo. Kwa simu za Android zilizo katika mpango wa majaribio wa Google, kujiondoa na kurudi kwenye toleo la kawaida kabla ya wakati wake hufuta kila kitu kilichomo ndani ya simu: picha, namba za watu, ujumbe, kumbukumbu za mauzo. Kwa iPhone, kurudi nyuma huhitaji kompyuta, na nakala ya taarifa iliyohifadhiwa wakati simu ikiwa kwenye toleo la majaribio inaweza isikubalike kwenye toleo la zamani. Fundi asiyekueleza hayo kabla ya kuanza kazi hajakutendea haki. Muulize mwenyewe kabla hujamkabidhi simu.

Ikiwa umekwisha kuliweka, na simu bado inapiga na kupokea, njia ya salama ni subira. Hifadhi nakala ya picha na namba zako, usipakue matoleo mengine ya majaribio, ngoja toleo kamili litoke, lipokee, kisha ndipo ujiondoe kwenye mpango. Kwa utaratibu huo taarifa zako hazifutwi.

Na fedha je? Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa hofu ndiyo inayowapeleka watu mikononi mwa matapeli. Fedha zako hazimo ndani ya simu. Zimo kwenye akaunti yako kwa mtoa huduma au benki, na programu ni dirisha la kuzitazamia tu. Menyu za kubonyeza namba hazitegemei programu hiyo: M-Pesa hupatikana kwa *150*00#, Airtel Money kwa *150*60#, HaloPesa kwa *150*88#, CRDB kwa *150*03# na NMB kwa *150*66#. Kwa huduma za benki, ni lazima uwe umejiandikisha kuzitumia kwa simu. Simu janja ikigoma kabisa, toa laini, iweke kwenye kitochi cha mtu unayemwamini ndani ya nyumba yako, na ubonyeze namba hizo. Namba ya siri uiingize mwenyewe. Mzee wa mfano wetu angelipa ada kwa njia hii bila kuigusa simu iliyoharibika.

Lipo jaribio jingine linalofanana na hili kwa jina, lakini hatari yake ni ndogo. Google huwataka waundaji wapya binafsi, waliofungua akaunti baada ya tarehe 13 Novemba 2023, wapate watu wa kuijaribu programu yao kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuiweka wazi kwenye Play Store. Walitakiwa watu 20, na tangu Desemba 2024 wanatosha 12. Kwa hiyo kijana wa Bugene au Isingiro aliyeunda programu ya bei za mazao anaweza kukuomba uwe mmoja wao. Si vibaya kumsaidia; vijana wetu wanahitaji kusaidiwa. Hapa unajaribu programu moja tu, wala mfumo wa simu haubadiliki, na ukichoka unaiondoa. Hakikisha mwaliko unakufikisha ndani ya Play Store yenyewe, na ukatae programu ya bei za mazao inayotaka kusoma ujumbe wako mfupi. Kijana naye asiitumie simu ya mama yake kujaribia mfumo usiokamilika. Kompyuta inaweza kuiga simu, au atafute simu ya pili isiyo na laini ya fedha.

Tofautisha hayo na faili linalotumwa kwa WhatsApp likiitwa "toleo jipya la majaribio" la programu ya fedha au la mfumo wa simu. Samsung walipoanza kujaribu mfumo wao wa One UI 7 Desemba 2024, waliufungua katika nchi sita tu: Marekani, Uingereza, Ujerumani, Poland, India na Korea Kusini. Tanzania haikuwamo. Aliyekuletea faili la namna hiyo Karagwe hakulipata kwa njia ya kawaida, na huna namna ya kujua limeongezewa nini njiani. Usilifungue. Ujumbe mfupi wa kitapeli upeleke, pamoja na namba iliyoutuma, kwenda 15040. Ukishuku kwamba kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, bonyeza *106# uhakiki.