Willy Gamba na kosa lisilo lake

Katika Kufa na Kupona, riwaya ya Elvis Musiba iliyotoka mwaka 1974, nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, na mpelelezi Willy Gamba anaagizwa na Chifu wake azifuate hadi Nairobi. Hazipiti kurasa nyingi kabla hujakutana na hoteli nzuri, bia baridi, wasichana warembo na bastola. Msomaji wa kawaida hapo alikuwa keshavua viatu na hataki kuitwa chakula. Mhakiki wa wakati ule alikuwa keshaokota kalamu nyekundu.

Ugomvi huo una nusu karne sasa na bado uko palepale. Mtaje Gamba, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mbele ya watu waliosoma sekondari miaka ya 1980, uone nyuso zinavyochangamka. Mmoja atakumbuka kitabu alichonyang'anywa na mwalimu wa zamu. Mwingine atakutajia majina ya riwaya kwa mfululizo, kama shabiki anayetaja kikosi cha timu yake ya zamani. Mtaje Gamba huyohuyo kwenye kongamano la fasihi, utaambiwa kwa upole kwamba hiyo ni riwaya pendwa, na mazungumzo yatahamia kwenye riwaya za Euphrase Kezilahabi.

Vitabu vyenyewe, ukivitaka leo, itabidi uchuchumae. Wauza vitabu vya mitumba katikati ya Dar es Salaam huvipanga chini juu ya turubai, vimebanwa kati ya Biolojia ya kidato cha tatu na vijitabu vya dini. Ni vidogo, vya kutia mfukoni. Karatasi imegeuka kahawia. Jalada limechorwa kwa mkono: mwanamume wa miwani myeusi mbele, mwanamke nyuma yake, damu kidogo pembeni. Ukifungua ukurasa wa kwanza unakuta majina ya wenye kitabu yamefuatana, kila mmoja kakata la mwenzake, na chini kabisa mtu kaandika kwa herufi kubwa kwamba kitabu hiki hakiazimwi. Kwa idadi ya majina yaliyopo, onyo hilo halikumsumbua mtu.

Jadi hii haikuanza na Musiba. Katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957–58, lililoendeshwa na East African Literature Bureau, mshindi alikuwa Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapwa kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hafukuzani na magari wala hampigi mtu ngumi. Anakaa na kiko chake, anauliza, anafikiri, na kile ambacho watu walidhani ni kazi ya mzimu kinageuka kuwa kazi ya binadamu mwenye tamaa zake. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na baada ya hapo mlango ukawa wazi kwa akina Eddie Ganzel, Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga, Musiba na Mtobwa.

Sasa tazama. Bwana Msa alipokelewa. Wataalamu wamemwandikia makala, wamemlinganisha na Sherlock Holmes, tena kwa heshima. Gamba naye alilinganishwa na Mwingereza, James Bond, lakini kwa kumsuta. Wote wawili wameazima. Mmoja akaitwa mwanafunzi hodari, wa pili akaitwa mwigaji. Nadhani tofauti ni mambo mawili. La kwanza ni lugha: Kiunguja cha Abdulla kimekolea kiasi kwamba mwalimu wa Kiswahili angesamehe hata mauaji. La pili ni kwamba Bwana Msa hajishughulishi na vitanda vya watu.

Kosa aliloshtakiwa Gamba lilikuwa la siasa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 fasihi ilitakiwa ijenge taifa, na hata kabla ya hapo tulikuwa tumelelewa na Shaaban Robert, ambaye kwake hadithi isiyo na adili haikuwa na kazi duniani. Darasani kitabu hukatwa vipande viwili, fani na maudhui, kisha maudhui hukatwa tena: dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo, falsafa ya mwandishi. Ipitishe riwaya ya upelelezi kwenye kichujio hicho uone kinachobaki. Nguvu yake iko kwenye fani: nani anajua nini, amekijua lini, na msomaji anafichwa hadi ukurasa gani. Kumfanya mtu mzima akeshe na koroboi kwa sababu ya mlango uliofunguliwa mwishoni mwa sura ni ufundi mgumu, ila haukuwa na maksi. Basi ikawa rahisi kusema vitabu hivi ni kasumba, starehe za kibepari zilizovishwa Kiswahili.

Hapo ndipo mashtaka yalipomkosea mtu. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963 hadi 1994. Gamba anafanya kazi katika mji huo, na maadui zake ni mawakala wa Makaburu. Katika Kikosi cha Kisasi anapelekwa hadi Kinshasa kwa vita hiyohiyo. Bond alikuwa akilinda heshima ya himaya iliyokuwa inafifia. Gamba alikuwa akilinda sera ya mambo ya nje ya Mwalimu Nyerere. Mwondolee bia na utabaki na mtumishi wa umma mtiifu kupita kiasi, ambaye sikumbuki akimuuliza Chifu swali gumu. Taifa lilitaka shujaa wa kuutumikia ukombozi, likaletewa, likashindwa kumtambua kwa sababu alikuja na suti nzuri.

Joram Kiango ni mtu wa aina nyingine. Hana Chifu. Ni mpelelezi wa kujitegemea, na polisi, hasa Inspekta Kombora, humhitaji huku wakimtilia shaka. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, aliandika vitabu vingi vya Kiango katika miaka ya 1980, enzi za foleni za sukari, ulanguzi, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Sidhani ni bahati tu kwamba msomaji wa wakati huo alimpenda shujaa asiyesubiri faili kutoka ofisi ya mtu. Hilo ni jambo ambalo wahakiki wangeweza kulichimba, na lina dhamira ya kutosha kujaza karatasi ya mtihani.

Kosa la kweli lipo, nalo ni wanawake. Katika riwaya nyingi za upelelezi za kipindi kile mwanamke ana kazi mbili: kuwa mtego au kuwa zawadi. Anaelezwa umbo kabla hajapewa jina. Anampenda mpelelezi kwa kasi ambayo haimshawishi hata mtoto, kisha anauawa ili shujaa apate hasira ya kuanzia sura inayofuata. Nuru, mwenzake Kiango, ana afadhali: ana akili, ana uthubutu, anaingia kazini kama mshirika. Hata hivyo uzuri wake husifiwa mara nyingi kuliko mawazo yake. Msichana aliyekuwa akisoma Gamba kwa kujificha bwenini alipata raha ileile waliyopata wavulana, ila ilibidi aipate akiwa amevaa viatu vya mwanamume.

Kuna kosa la haraka pia. Sadfa zinarundikana, adui anamfunga shujaa kamba badala ya kummaliza, halafu anatumia ukurasa mzima kumweleza mpango wake. Unajiuliza mhariri alikuwa wapi siku hiyo.

Upande wa riwaya za mapenzi mashtaka yalikuwa makali zaidi, kwa sababu huko neno lililotumika ni uchafu. Nchini Kenya, David Maillu alianzisha Comb Books na kutoa, kwa Kiingereza, My Dear Bottle mwaka 1973 na After 4.30 mwaka uliofuata: vitabu vya walevi, makarani, mabosi na wapiga chapa wao. Vijana wa mijini walivigombania. Wasomi walivikunjia pua, na mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku.

Kwetu kisa kinachofundisha zaidi ni cha riwaya ya Rosa Mistika. Kezilahabi aliitoa mwaka 1971: msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali na mlevi, anayempiga kwa sababu ya barua tu ya mvulana, kisha anafika shuleni bila kujua lolote kuhusu wanaume na anaharibikiwa. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa madai kwamba kinapotosha wasichana, ilhali kilichokuwa kikishtakiwa mle ndani ni malezi ya Zakaria, baba mtu. Baadaye kiliruhusiwa, kikaingia katika vitabu vya kusomwa kwa ajili ya mtihani, na leo mwandishi wake ni nguzo ya fasihi ya Kiswahili.  Kilichobadilika kati ya marufuku na mtihani ni wasomaji.

Magazeti ya udaku yakaja na kuichukua kazi ya kusimulia mapenzi. Eric Shigongo alijaza kurasa za magazeti ya Global Publishers kwa hadithi za mfululizo kama Rais Anampenda Mke Wangu. Watu walinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa huo mmoja, na mwaka 2020 mtunzi akachaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa. Kisha hadithi zikahamia kwenye simu. Sehemu za mwanzo hutolewa bure, zinakatwa mahali pabaya makusudi, na anayetaka kumaliza analipa kwa simu ndipo atumiwe iliyobaki. Wasomaji wenyewe wanaiita hali ya kusubiri arosto. Wanalalamika, wanabembeleza, wanamtukana mhusika mwovu kana kwamba anawasikia. Mtunzi akimuua mpenzi wa watu, atajibu yeye.

Huko kuna kazi nzuri, na kuna chombezo, hadithi za mahaba, ambazo sifa yake pekee ni kwamba zimeandikwa. Herufi r na l zinabadilishana zamu, mhusika anabadilika jina katikati ya safari. Walimu wanazidharau zote kwa pamoja, kosa lilelile la zamani. Sauti pia imeingia: simulizi husomwa na kurekodiwa, na dereva wa lori anaweza kusikiliza riwaya nzima kabla ya kufika Tunduma. Wakati huohuo watunzi kama Hussein Tuwa wameirudisha riwaya ya taharuki kwenye kitabu cha karatasi, wakaunda na umoja wao, UWARIDI, na tangu mwaka 2022 serikali ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.

Kidato cha nne kwa miaka mingi kimesoma Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama Ntilie. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Ningeongeza Kufa na Kupona pembeni yake, na nisingewauliza wanafunzi kama mwandishi amefaulu kuielimisha jamii. Ningeandika hivi: Taja mambo ambayo wanawake wa riwaya hii wanayajua na Willy Gamba hayajui. Eleza kwa nini mwandishi hakuwapa nafasi ya kuyasema. Alama 20.