Minova: Kabla ya kupanda Hiace, tazama kwanza ubavu wa tairi

Hiace inayotoka upande wa Nyabibwe inasimama karibu na soko la Minova, katika teritware ya Kalehe. Konvoyeri anaruka chini, anapiga teke tairi la nyuma la kushoto, anasikiliza mlio, anapiga na la kulia, kisha anaanza kuita wasafiri wa Sake na Goma. Kontroli imekwisha. Ndani watu wamebanana wanne wanne, juu ya gari kuna mifuko ya mihogo, ndizi na bidoni za mafuta, na mbele inawangoja barabara ya taifa namba 2, na udongo wake, mashimo yake na mawe makali ya volkano.

Teke halisemi kitu. Tairi la gari dogo likijazwa upepo vizuri linalia sawasawa na tairi lililotengenezwa kwa kubeba mizigo. Tofauti inaonekana kwa macho, imeandikwa ubavuni, na mashofa wengi hawaisomi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza maana ya zile namba.

Kwa watu wa Minova barabara hii si jambo dogo. Mwezi wa pili 2024 mapigano ya upande wa Sake yaliifunga, na wafanyabiashara waliozoea kupeleka vyakula Goma kwa gari wakalazimika kupita ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka hapa Minova, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, na makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri. Januari 2025 Minova na kisha Goma zikaingia mikononi mwa M23, na polepole magari yakaanza kupita tena. Wengi walioogopa ziwa wamerudi ndani ya Hiace. Ndiyo maana swali la tairi, au pine kama tunavyosema barabarani, si la shofa peke yake.

Tuanze na hesabu, maana humo ndimo hatari inamofichama. Kwenye ubavu wa tairi linalofaa Hiace mtu atakuta maandishi kama haya: 195 R15C 106/104. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, na 15 ni ukubwa wa janti kwa inchi. Herufi C inaonyesha kwamba tairi limetengenezwa kwa magari ya kazi, yenye kubeba. Halafu 106: hiyo si kilo, ni namba ya jedwali la kimataifa, na maana yake ni kilo 950 kwa tairi moja. Ile 104, yaani kilo 900, ni kwa magari yenye matairi mawili mawili nyuma.

Sasa chukua tairi la gari dogo, 195/65 R15 91. Linaingia kwenye janti ileile bila kulazimishwa, na upana ni uleule. Kwa bei mara nyingi ni nafuu. Lakini 91 ni kilo 615 tu.

Tuseme Hiace tupu ina kilo 1,900. Weka watu 18 wa kilo 60 kila mmoja, unapata kilo 1,080. Ongeza mizigo ya kilo 300, ambayo kwa Minova ni kidogo. Jumla ni kilo 3,280. Matairi manne ya gari dogo yana uwezo wa kilo 2,460 yote pamoja, kwa hiyo yamezidiwa kilo 820 kabla gari halijagonga shimo hata moja. Na nyuma ndiko uzito mwingi unakoenda. Matairi manne ya C yenye 106 yanafika kilo 3,800. (Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuongeza watu. Tairi zuri haligeuzi gari la watu 15 kuwa la watu 20. Freni na springi zinabaki zilezile.)

Tairi lililozidiwa halipasuki palepale, na hapo ndipo shofa anadanganyika. Linafika Goma leo, linarudi, linafika tena. Kila linapozunguka, ubavu wake unajikunja na kujinyoosha kupita kiasi, na ndani kunazaliwa joto. Joto linaachanisha mpira na nyuzi zinazoshikilia tairi. Siku moja kwenye lami ya kuingia Goma, shofa anapoongeza mwendo kwa furaha ya kumaliza mashimo, linafunguka kwa mara moja. Watu watasema ni bahati mbaya, au ni msumari.

Matairi mengi yanayouzwa huku ni okazyo, yaliyokwisha kutumika nje ya inchi, na sitamwambia mtu asinunue okazyo wakati najua mfuko wa shofa unavyokuwa. Lakini okazyo zina umri, na umri umeandikwa. Tafuta neno DOT ubavuni, ufuate mstari wake hadi namba nne za mwisho. Ukiona 3219, tairi lilitengenezwa juma la 32 la mwaka 2019. Kama upande mmoja hauna namba hizo nne, geuza tairi, ziko upande mwingine. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Hilo lifanyie kiti cha watoto uani. Kwa gari linalobeba watu, tairi lililopita miaka kumi lisinunuliwe hata kama meno yake ni marefu, kwa sababu mpira unakauka hata ukiwa umelala stoo. Kunja kidogo sehemu ya juu kwa vidole na utazame katikati ya meno: mipasuko midogo midogo kama ya udongo wa kiangazi ni dalili ya uzee.

Muuzaji naye ana ujuzi wake. Tairi likipakwa dawa nyeusi au oili linang'aa kama jipya, na kwa wengine meno yaliyokwisha yanachongwa upya kwa kisu cha moto. Kuchonga kunaruhusiwa kwa baadhi ya matairi makubwa ya lori, ambayo kiwanda kiliyaachia mpira wa ziada na kuandika REGROOVABLE ubavuni. Tairi la Hiace halina mpira huo. Ukilichonga unakaribia nyuzi, na jiwe la volkano linamalizia kazi. Njia ya kutambua: ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vilivyowekwa na kiwanda kuonyesha kwamba zimebaki milimita 1.6 tu za meno. Kama mfereji ni mrefu lakini kinundu hakionekani popote, au kimekatwakatwa, kisu kimepita hapo.

Kwenye rundo la okazyo kuna pia matairi ya baridi kutoka Ulaya, yenye alama ya mlima na kipande cha theluji ndani yake. Mashofa wanayapenda kwa sababu meno yake yana mikato mingi na yanashika matope. Mpira wake ni laini, unaisha haraka kwenye mawe, na kwenye lami yenye joto freni inachukua nafasi ndefu zaidi. Lakini hapa tusiwe wagumu: tairi la theluji lenye C na 106 ni afadhali mara nyingi kuliko tairi la kawaida lenye 91. Kwanza uzito, halafu mengine.

Mara mojamoja inaonekana alama CP mahali pa C. Hayo ni ya yale magari ambayo Wazungu wanayafanya kuwa nyumba, na kitanda, jiko na tanki la maji ndani, wanasafiri nayo na kulala humo. Gari kama hilo limejaa mwaka mzima, hata likisimama, basi viwanda viliyatengenezea matairi yenye ubavu mgumu zaidi. Hiace ya Minova nayo imejaa mwaka mzima. Ukikuta CP ya kipimo chako, isiyo na uzee wala kidonda, ichukue. Alama ST, kinyume chake, iache: ni matairi ya trela za kukokotwa, hayakutengenezwa kuongoza gari wala kubeba watu. Na neno XL au Reinforced halimaanishi C. Ni tairi la gari dogo lililoongezewa nguvu kidogo.

Kuhusu meno, shofa wa njia hii ana shida ambayo shofa wa Bukavu mjini hana. Kuna lami upande wa Goma, na lami tena ukitoka Kavumu kuingia Bukavu. Katikati kuna udongo, na mvua inakuja kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano. Tairi la meno makubwa kabisa ya matope linapendeza kwa macho, lakini ni zito, linakula mafuta, na kwenye lami yenye maji linateleza. Meno ya kadiri, yenye mifereji ya kutosha kutema matope na vipande vinavyoshikana katikati, ndiyo yanayofaa. Hiace nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo weka mazuri nyuma, mawili ya aina moja. Najua mashofa wengi wanapeleka mazuri mbele. Lakini mbele ikianza kuteleza, kupunguza mwendo na usukani vinaweza kukusaidia. Mkia wa gari ukiteleza kwenye mteremko unaotazama ziwa, usukani hausaidii tena. Wanaokumbuka barabara ilivyokuwa Bushushu na Nyamukubi baada ya mafuriko ya Mei 2023 wanajua udongo wa Kalehe unaweza kufanya nini ukishiba maji.

Tairi zuri bila upepo wa kutosha linarudi kuwa tairi baya. Zile kilo 950 za 106 zinapatikana tu kwa presha iliyoandikwa ubavuni, na kwa matairi mengi ya aina hii ni karibu bar 4.5, yaani psi 65, gari likiwa limejaa. Tairi la gari dogo linapewa karibu nusu ya hapo. Kuna wanaotoa upepo ili gari lisirukeruke kwenye mawe. Kweli linatulia, lakini ubavu unachemka na mawe yanaukata. Kipimo cha upepo ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni, na bei yake haikaribii hata bei ya nusu tairi. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Ukipima katikati ya safari utakuta presha imepanda kwa sababu ya joto, usiitoe.

Makwado wa barabara hii wanaokoa safari kila siku, na kazi yao ni ngumu. Lakini kuna vitu viwili vya kuwakatalia kwa heshima. Cha kwanza ni kubandika kiraka ubavuni: tundu la msumari juu kwenye meno linatengenezeka, mkato wa ubavuni hautengenezeki, na uvimbe wa ubavuni unamaanisha nyuzi zimekwisha katika. Cha pili ni kuweka shamburea ndani ya tairi lisilotakiwa kuwa nayo ili kuficha kidonda. Shamburea inasuguana na tairi, inapata joto, na ikitoboka upepo wote unatoka mara moja.

Mama mwenye mihogo yake hawezi kupima presha ya gari la watu. Anaweza lakini kuzunguka gari mara moja wakati konvoyeri anapanga mizigo, akatazama kama kuna herufi C, kama kuna uvimbe, kama nyuzi zinaonekana. Akiona vibaya, aseme papo hapo, mbele ya wasafiri wengine: Papa shofa, tairi hili limevimba, tunaliona wote. Mtu mmoja akisema, shofa anakasirika. Watano wakishuka, anamtafuta kwado.

Na aulize kuhusu tairi la akiba. Kwenye Hiace nyingi linaning'inia chini ya gari, upande wa nyuma, juu ya mnyororo unaoshushwa kwa ufunguo wake. Matope ya Kalehe yanaukausha mnyororo huo na kutu inaushika. Shofa aushushe mara moja kila mwezi, aupake grisi, apime na upepo wa tairi lenyewe, maana tairi ambalo halijaguswa mwaka mzima mara nyingi linakutwa tupu siku linapohitajika, saa kumi na mbili jioni, kati ya Minova na Sake.