Vyungu vya Nyumbani na Mabakuli ya Ng'ambo

Katika mitaa ya Kariakoo, ambako vyungu, mitungi na vyetezo vya udongo huuzwa si mbali na maduka yaliyojaa sahani na mabakuli ya Uchina, mnunuzi hutwaa kimoja hapa na kingine pale bila ya kuona ajabu yoyote, kwani desturi ya kukiweka chombo cha udongo motoni na chombo cha ng'ambo mbele ya mgeni ilikuwako katika pwani hii karne nyingi kabla ya mji wa Dar es Salaam kuwako. Ushahidi wake haupo mbali na soko lenyewe: umo katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ambamo vimehifadhiwa vipande vya vyombo vilivyofukuliwa katika magofu ya pwani.

Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia mashuhuri wa Uingereza, alizuru pwani ya Tanganyika baina ya Dar es Salaam na Kilwa, akastaajabia wingi wa vigae vya kauri ya Kichina alivyoviona ardhini, hata akatamka kwamba historia iliyozikwa ya nchi hii tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri hiyo. Miaka michache baadaye Neville Chittick alifukua Kilwa Kisiwani, na kazi yake, iliyochapwa mwaka 1974, ilidhihirisha namna vigae vya ng'ambo vilivyofuatana ardhini tabaka kwa tabaka: vya buluu na kijani kutoka Ghuba ya Uajemi, kisha vyenye nakshi za kukwaruzwa kutoka Uajemi kwenyewe, kisha vya manjano vyenye michirizi myeusi kutoka Yemen, pamoja na vya Kichina vya rangi ya kijani kibichi, na baadaye vyeupe vyenye maua ya buluu. Kwa kuwa kila aina ina zama zake na mahali pake, kigae kimoja chaweza kumwambia mfukuzi umri wa sakafu aliyopiga magoti juu yake, na bandari ambazo shehena ilipitia. Maana vyombo vya Uchina aghalabu havikuja moja kwa moja, bali vilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bara Hindi, Uajemi na Arabuni, vikaletwa na pepo za kaskazi, na kusi ikavirudisha vyombo vya bahari na dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu.

Hata hivyo kauli ya Wheeler, kwa uzuri wake wote, imeacha sehemu kubwa ya habari. Katika magofu ya pwani vigae vya kigeni ni sehemu ndogo tu ya jumla. Vilivyo vingi ni vya udongo wa hapa hapa, vya rangi ya hudhurungi au vyeusi kwa masizi, vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni kabla ya udongo kukauka. Vyungu vya nakshi hiyo, vya baina ya karne ya 7 na ya 10, vimepatikana pwani nzima na visiwani, tena hata bara. Na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha kwamba vinatokana na vyungu vya kale zaidi vya wakulima na wafua chuma wa nchi hii hii. Kwa sababu hiyo wale waliodai kwamba miji ya Waswahili ilijengwa na wageni waliohamia walikanushwa, na aliyewakanusha ni mfinyanzi, ambaye kwa ada ya watu wengi wa nchi hizi ni mwanamke, aliyeujenga udongo kwa mkono bila gurudumu, akaukwangua, akausugua kwa jiwe laini, kisha akauchoma kwa kuni na nyasi mahali pa wazi. Mimi naona ni dhulma kwamba mgeni wa makumbusho hukimbilia kwanza buluu ya Uchina na kumpita mwanamke huyo.

Tangu karne ya 11 hivi, mabakuli ya wazi, ya kigeni na ya kienyeji, yanazidi kuonekana katika vifusi, na wataalamu wanaona humo dalili ya karamu, watu wakila pamoja mbele ya mwenye nyumba aliyetaka heshima. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alikirimiwa Mogadishu wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sinia kubwa la mti, pamoja na kitoweo cha nyama, kuku na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Na alipofika Kilwa akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Mfanyabiashara wa ng'ambo alihitaji mwenyeji wa kumlaza, kumdhamini na kumjulisha kwa watu, na mwenyeji alijulikana kwa meza yake. Kwa hiyo bakuli lilikuwa bidhaa, na papo hapo lilikuwa chombo cha kuipata bidhaa nyingine.

Heshima hiyo haikukoma kaburini. Kunduchi, kaskazini ya mji wetu, zipo nguzo za makaburi zilizopachikwa mabakuli ya Kichina katika chokaa, ingawa mengi yamekwisha kung'olewa. Na hata leo sahani ina heshima yake nje ya mlo: mgonjwa akiandikiwa kombe, aya za Kurani huandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi naye akanywa.

Bibi harusi wa Kariakoo atatunzwa seti za vyombo ambazo wafanyabiashara wa mtaani wamezifuata wenyewe hadi Guangzhou, safari ambayo watu wa Kilwa waliwaachia wengine. Lakini somo wake, akitaka kumfukiza udi, atatuma mtu akamnunulie chetezo cha udongo, na mama yake, akitaka mchuzi wa samaki wa nazi utoke sawasawa, atateleka chungu.