Siku Tajiri Alipoleta Ng'ombe Mia Mbili

Wanangu, twendeni kwanza mnadani. Ng'ombe walioletwa leo ni ishirini, na wanunuzi nao ni kama ishirini. Fahali anauzwa shilingi elfu sitini. Mara vumbi linatimka barabarani: tajiri mmoja analeta ng'ombe mia mbili, na anataka wote wawe wameuzwa kabla ya adhuhuri.

Wenye elfu sitini mfukoni wanakwisha upesi. Wanabaki wenye hamsini na tano, kisha wenye hamsini. Tajiri ana haraka, kwa hiyo anapokea bei yoyote. Ng'ombe hawajakonda hata kidogo, lakini mzee aliyekuja na fahali wake mmoja anaambiwa elfu arobaini.

Soko la hisa nalo ni mnada. Hisa ni kipande cha kampuni, na wanaoitaka hujiandikisha kwa madalali: huyu anataka hisa elfu moja kwa shilingi 40, yule elfu mbili kwa shilingi 39, mwingine elfu tatu kwa 38. Mwenye hisa mia akiuza, humalizana na yule wa kwanza, na bei haitikisiki. Mwenye hisa milioni akiuza kwa pupa, huwamaliza wote hao, na bado ana mzigo mkononi.

Halafu huingia hofu, na hiyo naiona mbaya zaidi. Wadogo hunong'onezana, "Mkubwa anatoka, lazima kuna jambo analijua." Nao huuza, na bei huzidi kuporomoka.

Tazameni Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2021 hisa yake moja ilipita shilingi 40. Mwaka uliofuata Benki Kuu ya Marekani ikapandisha riba, na wawekezaji wakubwa wa kigeni wakaanza kuuza hisa zao Nairobi ili wapeleke fedha kule kwenye riba kubwa. Kweli, kampuni ilikuwa pia na gharama nzito za kuanzisha mtandao Ethiopia. Lakini watu waliendelea kupiga simu na kutumiana pesa kwa M-Pesa kama kawaida. Mwaka 2023 ulipokwisha, hisa ilikuwa chini ya shilingi 15.

Mkubwa mwenye subira huuza kidogo kidogo kwa miezi, au humtafuta mkubwa mwenzake wakapatana bei ya mzigo wote. Kwa hiyo mkisikia tajiri anauza, msikimbie naye. Ulizeni kwanza: anauza kwa sababu kampuni inaumwa, au kwa sababu yeye mwenyewe anahitaji fedha?

Serikali ya Kenya ilipowauzia wananchi hisa za Safaricom mwaka 2008, moja ilikuwa shilingi 5. Aliyenunua siku zile na hakuuza, hata mwisho wa mwaka 2023 hisa yake ilikuwa na bei zaidi ya mara mbili ya aliyolipa.