Ukienda Nakivale, Ulale Wapi?

Mtanzania anayetoka Bukoba kwenda Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ana njia mbili. Ya kwanza ni ya Mutukula, Masaka hadi Mbarara. Ya pili inapitia Karagwe na Kyerwa: unavuka Mto Kagera pale Murongo, unaibukia Kikagati, na tayari umeingia Wilaya ya Isingiro, ilimo Nakivale yenyewe. Hata hivyo wageni wengi huanzia Mbarara, kwa sababu huko ndiko kwenye benki, hospitali kubwa na vitanda vya kila bei.

Wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera wanaujua mji huo. Majeshi yetu yaliuteka Februari 1979. Aliyeuona wakati ule leo hautambui. Tangu 2020 una hadhi ya jiji, una chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa 1989, na magari ya maziwa hayakatiki, maana hii ndiyo Ankole ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Jiji liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Tanga akiacha sweta nyumbani atalikumbuka saa nane za usiku.

Kabla ya kuulizia chumba, jifunze maneno. Teksi ya Uganda ni daladala yetu, na gari la kukodi peke yako huitwa spesho. Gesti huitwa loji. Loji za karibu na stendi ya mabasi ni rahisi na zinamfaa anayeondoka alfajiri, ila baa za jirani hazilali. Omba chumba cha nyuma. Ukiweza kulipa zaidi, hoteli za ghorofa zina maji ya moto na jenereta. Usishtushwe na bei yenye sifuri nyingi: shilingi yao ina thamani ndogo kuliko yetu. Asubuhi agiza katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage au utumbo, na hutatafuta chakula tena hadi alasiri.

Nakivale iko mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Mbarara, na kipande cha mwisho ni vumbi, au tope, kulingana na mwezi. Anayetegemea kuona uzio na lango atapita bila kujua amefika. Kwetu Kigoma, mkimbizi wa Nyarugusu hatoki kambini bila kibali. Nakivale ni makazi yasiyo na ua, kilomita za mraba zipatazo 185 za vilima, mashamba na ziwa. Yalifunguliwa 1958, na Watutsi waliokimbia Rwanda ndio waliokuwa wa kwanza kupokewa. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea, na wengi hupewa kipande cha ardhi. Ndiyo maana kuna maduka, mashine za kusaga na misikiti, na ndiyo maana kuna loji.

Loji hizo utazipata zaidi Base Camp, moja ya kanda tatu za makazi. Nyingine ni Juru na Rubondo. Nilikolala mimi kulikuwa na vyumba sita vya matofali, bati juu, taa ya umeme wa jua inayofifia kabla ya saa nne. Kitanda, chandarua, kandambili za mpira zisizolingana, ndoo. Choo nje. Mwenye nyumba, mama wa Kivu, aligonga mlango jioni: "Papa, maji ya kuoga iko tayari." Akaniuliza kama nakula sombe, nikamwambia kwetu ni kisamvu, akacheka kama aliyesikia jina la utani la mtoto wake.

Wageni wengi hawaifikii jioni hiyo. Wanakuja na magari ya mashirika, wanaona ofisi na foleni, na saa kumi wanageuza kurudi Mbarara. Wakishaondoka, barabara ya Base Camp inajaa. Wasomali wanatoa viti nje kwa ajili ya chai ya viungo, dagaa wanakaangwa, kinyozi anawasha redio, na Kiswahili cha Bukavu kinapatana bei na cha Bujumbura. Aliyelala mjini atasimulia mahali pa misaada; aliyelala hapa ameona mtaa. Tena fedha ya chumba inabaki kwa mkimbizi, na si haba, kwa kuwa tangu 2023 mgao wa chakula umepunguzwa na kaya zimegawanywa kwa makundi.

Sisemi kila mtu alale huko. Mwenye mtoto mchanga, au mwenye ugonjwa unaohitaji daktari karibu, Mbarara inamfaa. Anayekuja kuhoji watu au kupiga picha aombe kwanza kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi, kisha ajitambulishe kwa mkuu wa makazi. Akiwa na karatasi mkononi ndipo atafute chumba. Ziwa liko karibu na mbu wapo, kwa hiyo kagua chandarua mchana, si baada ya taa kufifia. Beba tochi na noti ndogo ndogo.

Asubuhi mama alileta daftari la wageni, lile lile la gesti zetu: jina, utokako, uendako. Nikaandika Bukoba, kisha Mbarara. Kwenye mistari ya juu yangu, safu ya utokako ilikuwa imejaa: Uvira, Gitega, Mogadishu. Ya uendako, wengi walikuwa wameiruka.