Gita la Nyuzi Nne na Baa za Same

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi katika baa za Same, tena na watu wenye akili zao timamu ambao hata chupa ya kwanza hawajaimaliza: hivi hilo gita lako la nyuzi nne lina kazi gani? Gita la solo wanalisikia, maana linalia juu. La ridhim wanalisikia. Mwimbaji ndiyo usiseme. Lakini yule bwana aliyesimama nyuma karibu na drams, anayechezesha vidole polepole kama mtu anayehesabu noti, huyo wanadhani amepewa nafasi kwa sababu ni shemeji wa mwenye vyombo.

Swali hilo si la mzaha, kwa kuwa siku hizi hata wenye baa wanaliuliza, nao wakiuliza huwa tayari wana jibu mfukoni. Jibu lao ni kwamba kinanda kimoja chenye midundo iliyokwisha kurekodiwa ndani yake kinaweza kufanya kazi ya drams, tumba na besi kwa mpigo mmoja, hivyo watu watatu wanabaki nyumbani na gharama inapungua. Mimi ni mpigaji wa ridhaa. Ada za watoto wangu hazitoki kwenye gita, kwa hiyo hapa siteti kwa ajili ya ugali wangu. Natetea kitu kingine, na ili kieleweke inabidi tuanzie kwenye sikio.

Uzi mnene kuliko yote wa gita la besi, ukiupiga bila kuubana, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gita la kawaida hutetemeka kama mara 82, yaani maradufu. Sauti nzito kiasi hicho inahitaji spika pana, yenye uwezo wa kusukuma hewa nyingi mbele na nyuma. Spika ya redio ndogo ya betri haina ubavu huo, na ya simu ya mkononi, ambayo leo ndiyo redio ya wengi, ndiyo kabisa. Inachotoa ni zile sauti nyembamba zinazofuatana na sauti nzito, halafu ubongo wa binadamu unakisia sauti nzito ilikuwa wapi na kuijaza wenyewe. Ndiyo maana hata kwenye kiredio cha mfukoni unahisi kwamba wimbo una besi. Unahisi ipo, lakini inachosema hukisikii sawasawa.

Sasa fikiria jinsi tulivyozipata nyimbo tunazoziita zilipendwa. Wengi wetu tulizipata redioni. Enzi zile bendi ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodi, na sauti ikapanda mpaka Usangi, Mbaga, Chome na Gonja, huko ambako bendi kubwa haikufika kwa urahisi na vyombo vyake vyote. Vizazi viwili vya Wapare vimeimba maneno ya NUTA Jazz, ya Mbaraka Mwinshehe na ya Mlimani Park bila kukosea neno, ilhali nusu ya chini ya nyimbo hizo hawajawahi kuisikia vizuri. Nusu hiyo ilikaa ukumbini. Ukitaka kuipata, ilibidi usimame mbele ya spika kubwa na kuihisi kifuani.

Hili ndilo ninalolitetea.

Kuna watu wanaosema besi ni besi tu, popote duniani inapiga dum-dum-dum. Si kweli hata kidogo. Katika roki ya Waingereza na Wamarekani ya miaka ya sitini na sabini, ile ambayo leo nao wanaiita ya kale, besi mara nyingi hushikamana na lile dramu kubwa la mguu, na hupenda kutua kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, tena kwa nguvu. Ni kama nguzo za nyumba. Napenda kuipiga, na wapo wazee wachache pale mjini, waliocheza bugi mchana wa Jumapili wakiwa vijana wenye suruali pana chini, ambao hawaondoki bila kuiomba. (Usisahau kwamba Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa madai ya kulinda utamaduni wetu. Marufuku ikatangazwa, na vijana wakaendelea kuupenda.)

Katika dansi letu mambo ni mengine. Besi haifanyi haraka kutua. Inapiga vijineno vitatu au vinne, inanyamaza, inaliacha tumba lijibu, kisha inarudi mahali ambapo hukutarajia. Ule unyamavu ndio unaomfanya mchezaji apeleke kiuno pembeni, kwa sababu mwili unalitafuta pigo ambalo halikuja. Ukilijaza lile pengo kwa noti za ziada, watu wanaendelea kucheza, lakini wanacheza kama wanaotwanga mahindi. Vijana wengi wanaojifunza besi huku kwetu wametoka kwenye kwaya za makanisa, maana Upare una makanisa ya siku nyingi. Wasabato peke yao wapo tangu 1903. Vijana hao wanajua sauti kuliko mimi, na ukiwapa wimbo wowote wanakupangia sauti nne papo hapo. Ila kwaya imewazoesha kulishika kila pigo lisije likapotea, na kuwafundisha kunyamaza ni kazi ya miezi.

Mwalimu ninayewapa ni Les Wanyika. Historia ya kundi hilo inatuhusu watu wa barabara hii. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipigia Jamhuri Jazz ya huko kwao, kisha mwaka 1970 wakawa Arusha na bendi ya Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako Simba Wanyika ilizaliwa. Atakaye kutoka Tanga kwenda Arusha hupita Mombo, akapita Same, milima ya Upare ikiwa mkono wake wa kulia. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga na Simba Wanyika, wakaunda Les Wanyika, wakiwa na John Ngereza kwenye uimbaji na Tom Malanga kwenye besi.

Tafuta wimbo wao uitwao Sina Makosa. Usiusikilize kwa simu. Nenda kwa mtu mwenye spika za maana, kaa kimya, na uyasahau maneno kwa dakika moja, ingawa najua ni vigumu. Utasikia kwamba Malanga hamsindikizi mwimbaji, anazungumza na gita la ridhim. Gita la ridhim linauliza, besi inajibu kwa upole, kisha inakaa pembeni kama mtu mzima aliyekwisha kusema lake. Nimewahi kusikia wimbo huohuo ukipigwa kwa kinanda katika harusi moja, besi ikitoka kwenye mashine, dum-dum-dum, kila pigo mahali pake, haichelewi wala haiwahi. Maneno yalikuwa yaleyale na mwimbaji alikuwa hodari. Bibi arusi na mumewe walicheza kwa heshima, halafu wakaenda kuketi.

Msije mkadhani naiponda roki. Watu wetu hupenda kujisifu kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, nao wana haki ya kujisifu. Lakini ule wimbo wa Queen ambao nikiupiga Same hata dereva wa lori aliyekuja kula nyama choma na kuondoka anaanza kutingisha kichwa, Another One Bites the Dust wa mwaka 1980, haukutungwa na mtoto wa Zanzibar. Uliandikwa na John Deacon, mpiga besi wao, Mwingereza mpole asiyependa makuu. Na kwa nini unafanya kazi Same wakati nyimbo nyingi nyingine za roki zinawafanya watu waagize chakula? Kwa sababu besi yake inapiga, inasimama, inaacha uwazi, kisha inapiga tena. Deacon alivutiwa na muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, hasa kundi la Chic na mpiga besi wake Bernard Edwards, naye akaupeleka uwazi ule kwenye roki. Mchezaji wa Same anausikia uwazi huo na miguu inamwambia kwamba huyu ni wa kwetu.

Niseme kidogo juu ya hali ya hewa, maana watu wa Dar es Salaam hawalijui jambo hili. Same mjini ni pakavu, jua ni kali na upepo hauishi. Tukipanga vyombo saa kumi jioni, nyuzi zikiwa zimepata joto, zinalegea na sauti inashuka. Jua likizama zinapoa, zinakaza, na sauti inapanda. Kwa hiyo mpiga besi anayetengeneza nyuzi saa kumi na asiziguse tena mpaka saa tatu usiku atakuwa anapiga wimbo mmoja na wenzake wanapiga mwingine. Tukialikwa harusini huko juu Mbaga ni kinyumenyume: tunaondoka na joto, tunafika kwenye ukungu, na nyuzi zimekaza njiani. Kinanda hakina taabu hiyo, nalikubali hilo bila kinyongo. Umeme ukikatika, hata hivyo, sote tunakuwa mabubu, isipokuwa mpiga tumba.

Sasa fedha. Zamani bendi kubwa zilikuwa na baba. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima. Mpiga besi alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na gita lilinunuliwa na shirika. Mashirika mengi yalipouzwa au kufungwa katika miaka ya tisini, vyombo vikachakaa na baba akatoweka. Bendi ya baa leo haina baba. Ina mwenye baa, ambaye hatozi kiingilio kwa kuwa mteja akidaiwa kiingilio atavuka barabara aende baa ya pili. Faida yake iko kwenye bia. Malipo ya watu saba yanatoka kwenye bia hizohizo, na akikodi vyombo na mafuta ya jenereta, hesabu inamtoa jasho. Namwelewa. Aliniambia wazi: "Fundi, mimi nauza bia, siuzi magita."

Nami nikamjibu kwamba tupime hicho anachouza. Mtu anayesikiliza muziki akiwa amekaa huagiza kimoja na kukilea mpaka kipate moto. Mtu anayecheza hupata kiu. Ikiwa besi inayonyamaza mahali pake inawainua watu vitini, basi besi hiyo inauza bia. Na ikiwa haiwainui, nitalifunga gita langu kwenye blanketi na kurudi kulipiga sebuleni, jirani zangu wavumilie.

Mzee yule alifikiri, akamwita mhasibu wake, ambaye ni binti yake, wakakubaliana hivi. Jumamosi mbili atapiga kijana wa kinanda na mwimbaji mmoja. Jumamosi mbili zinazofuata tutapiga sisi, watu watano badala ya saba, bila tarumbeta na bila gita la pili la solo, ila besi, drams na tumba vibaki. Binti atahesabu kreti zinazotoka stoo kila usiku, kisha atatoa gharama za vyombo. Hakuna atakayejali nani amesifiwa na nani amezomewa. Jumamosi za kinanda zimekwisha, na hesabu yake iko kwenye daftari ambalo sisi hatujaruhusiwa kuliona. Jumamosi hii ni zamu yetu ya kwanza.