Kila Neno Lina Ukoo Wake

Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wengi wazidi kutamani Kiingereza. Tamaa hiyo ni njema, maana ajuaye lugha ya jirani hadanganywi upesi sokoni wala mpakani. Lakini twawaona wengine wakiokota maneno marefu na ya ajabu, wakayavaa kama koti la kuazima. Kisha maneno hayo huwatoka, au huwaaibisha mbele ya watu. Basi, ipi njia iliyo njema ya kuongeza maneno?

Twajibu hivi: neno jipya ni mgeni. Mgeni huulizwa atokako. Ukiijua asili ya neno, hutalisahau tena.

Tulitazame neno "breakfast", chakula cha asubuhi. Limeundwa kwa maneno mawili, kuvunja na mfungo: aliyelala usiku kucha bila kula alikuwa kama mtu aliyefunga. Je, sisi nasi hatusemi kifungua kinywa? Neno "window", dirisha, lililetwa Uingereza na mabaharia wa kaskazini ya Ulaya. Kwao maana yake ilikuwa jicho la upepo. Ua dogo liitwalo "daisy" ni jicho la mchana, kwa kuwa hufunguka asubuhi na kufumba jioni.

Yako na mengine yafaayo jamaa za Kikristo. Hapo kale "lord", bwana, alikuwa mlinzi wa mkate, na "lady", bibi, alikuwa mkandaji wa mkate: nyumba nzima katika maneno mawili. "Gospel" ni habari njema. "Goodbye" ni sala iliyofupishwa: Mungu awe nawe.

Hata neno la fahari kama "serendipity" lina kwao. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alilibuni mwaka 1754, akilitoa katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la kale la kisiwa cha Sri Lanka. Wana hao, katika safari zao, walikuwa wakigundua mambo wasiyoyatafuta. Ndiyo maana ya neno hilo: bahati ya kukuta jambo jema usilolitafuta.

Wakongo waliosoma Kifaransa wana akiba kubwa tayari. Mwaka 1066 watu wa Normandie, wakiongozwa na Guillaume, ambaye Waingereza humwita William, waliishinda Uingereza. Tangu hapo maelfu ya maneno ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza. "Justice", "table" na "courage" huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili. Lakini tujihadhari, maana wanaofanana si wote ndugu. "Pain" kwa Mfaransa ni mkate. Kwa Mwingereza ni maumivu. "Library" si duka la vitabu, bali nyumba ya kusomea na kuazima vitabu.

Kila jamaa yaweza kuwa na daftari moja la maneno. Kwa kila neno yaandikwe mambo matatu: maana yake, asili yake, na sentensi moja ya kweli iliyotungwa na mwanafunzi mwenyewe. Maneno matatu kwa siku yatosha. Jumapili baba na mama wawaulize watoto, nao watoto wawaulize wazazi. Lisiloweza kuelezwa kwa lugha ya nyumbani, bado halijawa letu.

Tena tusiyadharau maneno madogo kwa kuyapenda makubwa. Atiaye sahihi hati ya mkopo hataokolewa na "serendipity". Ataokolewa na "unless", yaani isipokuwa, na "until", yaani mpaka. Humo ndimo masharti hujificha. Maneno mazuri na tuyapende, lakini kwanza tuyafahamu yale yawezayo kutupotezea shamba.